Shajara ya mradi: historia ya ofisi yetu ya mawakili, Tanga

Februari

Wabia wameridhia. Ofisi inaelekea kutimiza miaka sabini hapa Tanga, na wanataka kitabu kidogo cha historia, kurasa mia hivi, cha kuwagawia wafanyakazi, wateja wa siku nyingi na maktaba ya mkoa. Kazi nimetupiwa mimi kwa sababu ndiye niliyelalamika kikaoni kwamba stoo ya nyuma inaliwa na mchwa. Ofisi za kwetu ndivyo zilivyo: ukilitaja tatizo, limeshakuwa lako.

Nilichokabidhiwa cha kuanzia ni orodha ya wabia, mwaka wa kuingia na wa kutoka, na picha zao. Tai, miwani, kabati la vitabu nyuma. Orodha siikatai, itawekwa mwishoni. Ila ukiisoma peke yake utadhani ofisi imekuwa ikipanda tu tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu mzima wa Tanga atakayeliamini hilo. Mji huu uliinuliwa na mkonge na mkonge ndio ulioubwaga. Ofisi iliyokuwa ikiishi kwa hati za mashamba na nyumba za mji huohuo ingebaki juu imeshikilia nini?

Kwa hiyo nimeomba niifuate kazi iliyoingia mlangoni, si watu waliokaa kwenye viti. Wakili mkuu akaguna, halafu akasema, "Haya, jaribu. Lakini picha yangu usiitoe."

Vilivyopo ni leja za kusajili majalada tangu ofisi ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1950, baadhi zimeliwa pembeni. Makabati ya chuma yenye majalada yaliyofungwa. Maboksi ya barua. Na ramani za mashamba zilizokunjwa mpaka mikunjo imekatika. Kumbukumbu za vikao vya wabia hazipo kabla ya miaka ya 1980. Inaelekea walikuwa wakikutana kwenye chai na kumaliza hapohapo.

Kabla sijafungua kabati lolote, imebidi tuamue suala la siri ya mteja. Sheria ya Ushahidi ya 1967 inamzuia wakili kutoa aliyoelezwa na mteja wake bila ridhaa yake, na zuio hilo haliishi kazi inapoisha. Juu yake imekuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tumekubaliana kwamba nitasoma leja tu, yaliyomo ndani ya majalada hayanihusu. Nachukua tarehe ya kufunguliwa, aina ya kazi na tarehe ya kufungwa. Jina la mteja halinakiliwi popote, hata kwenye daftari langu. Kijana wetu wa kompyuta amenitengenezea jedwali lisilo na nafasi ya jina kabisa, ili hata nikishawishika nishindwe.

Machi, mwanzoni

Leja ya kwanza imeingizwa yote. Ni daftari kubwa la karatasi nene, mistari myekundu ya kusimama, wino wa bluu uliogeuka kahawia. Mwandiko ni ule wa kulalia upande mmoja, wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kalamu ya kuchovya. Safu ya aina ya kazi inakwenda hivi: shamba, shamba, nyumba, rehani, shamba, wosia, deni, nyumba, shamba. Kesi ya jinai unaitafuta kwa tochi. Anayedhani ofisi ya mawakili hujengwa kwa kusimama mahakamani na kurusha mikono ya joho apewe ukurasa huu aukodolee macho.

Sasa lazima kitabu kieleze kwa nini ardhi, na kwa nini hapa. Sura ya kwanza itabidi irudi nyuma kuliko ofisi yenyewe.

Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali yao, na "isiyo na mwenyewe" waliipima wao kwa macho yao. Wakagawia makampuni na walowezi maeneo makubwa nyuma ya pwani, Muheza, Korogwe, Pangani. Miaka miwili kabla ya hapo, 1893, Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara. Mkonge ukawa na ardhi, ukawa na njia ya kufika bandarini. Vita ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliyashika mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, na katika miaka ya 1920 wakayauza. Wagiriki, Wahindi na Waingereza wakanunua.

Hapa ndipo penye kiini. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya gavana, lakini milki za kudumu zilizotolewa na Wajerumani iliziacha kama zilivyo. Kwa hiyo sehemu nyingi za nchi mtu alikuwa na haki ya kutumia ardhi tu, ilhali nyuma ya Tanga kulikuwa na mashamba yenye hati za kudumu, yanayouzika, yanayowekeka rehani, yanayorithika. Kila hatua ya hizo ilihitaji karatasi, na kila karatasi ilihitaji wakili.

Karatasi zenyewe zilikuwa za ajabu kidogo. Sheria nyingine ya 1923 ilisema kwamba mambo ya mali, rehani na upangaji yatafuata sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1922. Waingereza kwao walikuja kuibomoa sheria hiyo na kuijenga upya kwa sheria za 1925. Sisi tukabaki na ya 1922, na tuliendelea nayo mpaka Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Wakili kijana wa leo akikutana na hati ya miaka ya 1950 anakuja kwangu analalamika kwamba sentensi haina nukta ukurasa mzima. Ni kweli haina. Iliandikwa kwa mtindo ambao London yenyewe ilikuwa imeshauacha.

Na wakati ofisi inafunguliwa mkonge ulikuwa bado na fedha. Vita ya Korea iliipaisha bei mwaka 1950 na 1951, na ingawa ilishuka baadaye, mashamba yaliendelea kununuliwa, kugawanywa na kuwekwa rehani benki. Ada ya kuandaa hati hupangwa kwa thamani ya mali. Shamba moja la mkonge lilikuwa likilipa kuliko rundo la kesi za madeni ya duka.

Nimeongeza aya fupi kuhusu 1954, mwaka ambao Sheria ya Mawakili ilitungwa na Chama cha Wanasheria cha Tanganyika kikaundwa. Ofisi ilizaliwa mara baada ya hapo, fani ikiwa imepangwa upya. Aya fupi inatosha.

Machi, mwishoni

Leo nimekwenda kwa Mzee, karani wetu wa zamani aliyestaafu. Anakaa Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, na amevuka themanini. Aliingia ofisini akiwa kijana, kabla ya Uhuru, akatoka wakati kompyuta zinaingia. Wakili mkuu mwenyewe akimwona mtaani humwamkia kwanza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kalamu? Maana nyie wa siku hizi mnakuja na simu mnaiweka mezani, kisha mnadhani mmesikia."

Nilikuwa na vyote viwili. Akaruhusu simu.

Tulichozungumza kwa muda mrefu ni kaboni. Hati ya kuhamisha shamba ilihitaji nakala za mnunuzi, muuzaji, benki, masijala ya ardhi na ofisi. Mpiga chapa alipanga karatasi na kaboni kwa zamu, akaziingiza kwenye taipureta, akapiga kwa nguvu. Nakala ya juu ilitoka safi, ya tatu ilisomeka, ya tano ilikuwa kivuli. Ukikosea herufi kwenye hati huwezi kufuta, maana hati iliyofutwafutwa masijala wataikataa. Unaanza ukurasa upya. "Kwa hiyo," akasema Mzee, "mtu alikuwa anasoma kabla hajapiga. Sasa mnapiga kwanza, mnasoma mkishashtakiwa." Kisha lakiri: mshumaa mwekundu unayeyushwa, unadondoshwa kwenye utepe, muhuri unakandamizwa kabla haujapoa. Alinionyesha kovu dogo kwenye kidole gumba. Hilo ni la lakiri, la shamba fulani ambalo hakulitaja jina, na mimi sikumwuliza.

Jambo la pili ndilo lililobadilisha mpango wa kitabu. Mwanzilishi wetu alikuwa mtu wa asili ya Gujarat aliyesomea London. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Mteja Msambaa aliyetoka Lushoto kuja kudai mpaka wa shamba la babake hakuzungumza na wakili; alizungumza na karani. Karani ndiye aliyesikiliza, akauliza mashahidi ni nani, akachuja, akaingia ndani akaeleza kwa Kiingereza, akatoka na jibu. Majina ya makarani hayamo kwenye orodha niliyokabidhiwa. Hakuna hata picha.

Tukagusa kidogo kesi ya Nyerere ya 1958, ile ya kuandika maneno yaliyowakashifu wakuu wa wilaya. Ilisikilizwa Dar es Salaam, akatetewa na D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Akaamriwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, na faini ikalipwa. Mzee anasema makarani wa Tanga walikuwa wakigombea gazeti. Ofisi yetu haikuhusika kwa lolote, na nimeandika hivyo, kwa sababu mbia mmoja alishaanza kupendekeza kwamba "tulikuwa upande wa wapigania uhuru". Leja inasema mwaka ule tulikuwa upande wa rehani.

Aprili

Miaka ya 1961 hadi 1966. Nilitegemea kukuta mshtuko wa Uhuru kwenye leja, lakini haumo. Shughuli zinaendelea kana kwamba bendera haikubadilishwa. Kinachobadilika ni vitabu kabatini. Kabla ya hapo wakili wa Tanganyika alikuwa akifanya kazi kwa sheria za Bara Hindi, kwa sababu mwaka 1920 Waingereza walizihamishia huku kwa jumla: sheria ya mikataba na ya ushahidi za 1872, na ya mwenendo wa madai ya 1908. Zikaondolewa moja moja: Sheria ya Mikataba ya kwetu 1961, Mwenendo wa Madai 1966, Ushahidi 1967. Ukizisoma utaona vifungu vingi vimebaki vilevile, namba tu zimehama. Vitabu vya zamani vyenye maelezo ya majaji wa Bombay na Calcutta bado tunavyo, na nisingeshauri mtu avitupe. Hoja ya nini maana ya "ridhaa" haizeeki.

Mambo mawili ya 1963 nimeyapa nafasi zaidi.

La kwanza ni Sheria ya Mahakimu. Ilifuta mfumo wa mahakama za wenyeji na kuleta Mahakama za Mwanzo zinazoendeshwa kwa Kiswahili, na humo wakili hakuruhusiwa kumwakilisha mtu. Mpaka mwaka 2021, sheria iliporekebishwa ili mawakili waingie pale anapokaa hakimu mkazi, mlango ule ulikuwa umefungwa kwetu. Watu wengi wa mkoa huu kesi zao zinaanzia humo: mirathi ya Kiislamu na ya kimila, ndoa, madai madogo. Tulikutana nao kwenye rufaa tu, mambo yakiwa yameshaharibika. Mzee anasema makarani walikuwa na njia yao: mtu anakuja, anaelekezwa alete karatasi gani na shahidi gani, anakwenda mwenyewe kusimama. Ofisi haikuandika ada. Kwa hiyo kwenye leja kazi hiyo haionekani, na katika ofisi nzima ni yeye peke yake anayeikumbuka.

La pili ni milki za kudumu. Tarehe 1 Julai 1963 ziligeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na sheria ya 1969 ikazigeuza tena kuwa haki za kumiliki ardhi kama zilivyo sasa. Ile nguzo niliyoisema Machi, hati ya kudumu, iling'olewa kwa kifungu kimoja. Leja inaonyesha wateja wakimiminika kuuliza, kisha kimya. (Hesabu rahisi: miaka 99 kutoka 1963 inaishia katikati ya 2062. Nimemwambia mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo aiandike mahali, atakuwa bado yupo.)

Mwaka 1961 pia ndio Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam, kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 14 wa kutoka Afrika Mashariki. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning. Mbia wetu wa kwanza Mwafrika alipita kitivo hicho miaka kadhaa baadaye.

Mei

Sura ngumu. Nimeiandika mara ya kwanza nikaipeleka kwa wabia, imerudi na mistari mingi ya kalamu nyekundu.

Mambo yenyewe hayana ubishi. Mwaka 1964 Tanzania ilivuna mkonge kuliko wakati wowote, karibu tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, na Oktoba mwaka huo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikataifishwa. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Nyumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikiwa imepangishwa yote au sehemu, ilichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Iliyokuwa na zaidi ya miaka kumi haikulipwa fidia. Katika mji wenye maghorofa ya zamani kama wetu, sharti hilo la miaka kumi ndilo lililokata. Wenye nyumba wengi walikuwa Waasia, na ndio waliokuwa wateja wetu. Wengi waliondoka.

Kwa hiyo ndani ya miaka minne ofisi ilipoteza mashamba, kisha nyumba. Shirika la sheria la umma likaundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuyahudumia mashirika ya serikali, kwa maana hiyo hata mmiliki mpya wa mashamba hakuwa na haja ya kutujia. Leja ya miaka hiyo ni nyembamba, na kuna kurasa ambazo mwezi mzima umeingia kwenye mistari michache. Wabia wawili wa mwanzo walihama nchi. Chumba kimoja cha ofisi kilipangishwa kwa fundi cherehani.

Kilichotiwa kalamu nyekundu ni nyumba. Mbia mmoja anaona sura inaonyesha kwamba ofisi ilikuwa ya wenye mali. Mwingine anaona inailaumu mno serikali ya wakati ule. Nimewaambia vyote viwili vinaweza kubaki: ilikuwa kweli ofisi ya wenye mali, na kweli kuna familia zilizojenga ghorofa kwa jasho la vizazi viwili zikaamka wapangaji. Upande wa pili kuna familia za wafanyakazi waliolala kwenye vyumba vya uani ambazo kwa mara ya kwanza zililipa kodi inayolipika. Sitaki kuchagua mshindi kwenye kitabu cha ofisi. Nataka kuonyesha leja ilivyopungua unene.

Swali ninalolijali ni lile la kwa nini hatukufunga, wakati ofisi kadhaa mkoani zilifunga. Nilirudi kwa Mzee.

"Viapo," akasema.

Nilidhani anatania. Kumbe hapana. Wakili ni kamishna wa viapo, yaani anaruhusiwa kumwapisha mtu juu ya tamko lake la maandishi, na nchi iliyoingia kwenye vibali na leseni ilihitaji viapo kwa kila jambo: cheti cha kuzaliwa kilichopotea, jina lililoandikwa vibaya kwenye kitambulisho, mke anayetaka kuchukua mafao ya marehemu mumewe. Ada ilikuwa shilingi chache, lakini kila siku foleni. Makarani ndio waliojua kuviandika viapo bila kumrudisha mtu mara mbili, na sifa ya kutorudishwa ndiyo iliyowatoa watu Handeni na Pangani kuja mlangoni kwetu na kuwapita wengine. Pamoja na viapo kulikuwa na mirathi, na talaka na matunzo baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Nimeirudia leja na nimeiona: safu ya aina ya kazi inageuka kabisa. Mirathi, kiapo, kiapo, mirathi, matunzo, kiapo. Shamba, mara moja.

Mzee akaongeza kwamba kuna miezi mshahara wa makarani ulichelewa na wakaendelea kuja. Nikamwuliza kwa nini. "Ungekwenda wapi? Mkonge umelala, bandari imelala. Na ukiondoka, yule mama wa mafao nani atamwandikia?"

Sura sasa inaitwa "Viapo". Kalamu nyekundu imepungua.

Juni, mwanzoni

Nimemalizia miaka ya 1977 hadi 1986. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na Mahakama ya Rufani ya pamoja ikaenda nayo. Ya Tanzania ilianza 1979. Rufaa zilizokuwa katikati zilining'inia, na barua za wateja wakiuliza zimejaa boksi zima. Barua hizo sijazisoma, nimezihesabu kwa bahasha.

Mwaka 1983 ulikuja msako wa wahujumu uchumi. Sheria yake iliunda baraza maalumu ambalo mtuhumiwa alisimama bila wakili. Mwaka 1984 sheria hiyo ilibadilishwa, kesi hizo zikapelekwa Mahakama Kuu na mawakili wakarudi. Hizo ndizo kesi za jinai za kwanza kuonekana kwa wingi kwenye leja zetu.

Juni, mwishoni

Miaka ya 1990 kwenda mbele nimeipitia haraka, na sidhani kitabu kinapungukiwa. Majalada yapo, wenyewe wapo, na wengi wa wabia wanaikumbuka vizuri kuliko mimi, hivyo wataandika wenyewe visanduku vifupi. Mfupa wa simulizi ni huu: mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa, Msajili wa Majumba akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa 1990, mabenki ya binafsi yakaja, na mashamba ya mkonge yakapata wenyewe wapya. Neno "shamba" linarejea kwenye leja kama mgeni aliyekaa ughaibuni. Benki zikataka rehani, na rehani sasa zinafuata sheria yetu ya 1999. Sheria ya Makampuni ya 2002 ikachukua nafasi ya ile ya 1932 na kutuletea usajili wa makampuni, kazi ambayo zamani haikuwepo hapa, ilikuwa ya Dar es Salaam.

Kukua kwa idadi ya mawakili nimekuandika kwa tahadhari. Shule ya Sheria ilianzishwa kwa sheria ya 2007, na namba za usajili za mawakili nchini zimeshavuka 10,000. Miaka ya 1970 mtu wa Lushoto alikuwa hana pa kwenda ila Tanga mjini. Leo Korogwe kuna mawakili, Handeni wapo. Ofisi yetu ina mawakili wengi kuliko wakati wowote, lakini sehemu yake katika kazi za mkoa huenda ni ndogo kuliko ile ya 1956. Mbia mdogo aliposoma sentensi hiyo alisema, "Dada, hii si ya kitabu cha sherehe." Sentensi imebaki, kwa kura mbili dhidi ya moja.

Julai

Wakili mkuu ameuliza swali ambalo sote tulilipita: je, kitabu hiki si tangazo? Kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zinatubana katika kujitangaza na kutafuta wateja. Historia inayogawiwa bure, yenye nembo ya ofisi na namba za simu, mtu anaweza kuilalamikia. Tumeamua jalada halitakuwa na anwani wala simu, hatutasifia kesi tulizoshinda, na nakala hazitapelekwa benki wala kwenye makampuni yasiyo wateja. Neno "inayoongoza" limeondolewa kila lilipokuwa. Kusema kweli kitabu kimepata pumzi.

Suala la lugha nalo limemalizika. Rasimu ya wabia ilikuwa ya Kiingereza. Hoja yangu ilikuwa kwamba tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, halafu makarani na wateja wanaotajwa humu wangehitaji mkalimani kusoma habari zao wenyewe. Mbia mmoja akauliza hati za mtindo wa sheria ya 1922 nitazielezaje kwa Kiswahili. Nikampa sura ya kwanza aisome usiku. Asubuhi akarudi na marekebisho mawili ya kisheria, yote sahihi, na hakuuliza tena.

Agosti

Hali ilivyo sasa. Sura sita zimepita kwa wabia, "Viapo" ikiwemo. Leja zote zimeingizwa isipokuwa moja ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ambayo mchwa wamekula katikati; mtunza nyaraka mmoja mstaafu amekubali kuja kuangalia kama kurasa zinatenganishika. Stoo imepigwa dawa, makabati yameinuliwa juu ya matofali. Ramani za mashamba zinanyooshwa chini ya vioo. Mbili zina maandishi ya Kijerumani na mipaka iliyochorwa kwa rangi, na zimepita mikononi mwa ofisi kwa sababu tu mnunuzi wa kila zamu alikabidhiwa pamoja na hati. Tumeuliza kama ziende kwenye makumbusho ya mji, wabia bado wanajadili ni za nani kisheria. Ofisi ya mawakili, bila shaka, itajadili hilo kwa muda.

Orodha ya makarani imefika majina kumi na saba, kwa kumbukumbu za Mzee na vitabu vya mishahara. Wanne tumepata picha zao kutoka kwa watoto wao. Zitawekwa kwenye kurasa zilezile za wabia, kwa ukubwa uleule. Hili lilipita bila kura. Ridhaa za familia zinakusanywa kwa maandishi.

Bado mpiga chapa wa Dar es Salaam hajaleta bei ya mwisho. Wiki ijayo narudi Ngamiani na rasimu ya sura ya "Viapo". Mzee ameshatuma ujumbe kwa mjukuu wake kwamba nije na kalamu mbili, moja nyekundu.